Rezistansi hufa kwa kiu: nilivyopunguza gharama ya vepu Lubumbashi

Wiki ya kwanza nilipohamia kwenye vepu, yaani sigara ya umeme, baada ya miaka 14 ya sigara, niliunguza rezistansi tatu. Hiyo rezistansi ndiyo wengine wanaiita koili, kile kiwaya kilichozungushiwa pamba ndani ya tangi. Huku kwetu jina la Kifaransa limeshika. Kila moja niliinunua dola 5 mjini. Kwa hesabu ya dola 15 kila wiki, ningerudi kwenye sigara kabla mwezi haujaisha, na sikutaka kurudi. Kikohozi cha alfajiri kilikuwa kimeanza kupungua, na mke wangu alikuwa ameanza kulala usiku mzima.

Muuzaji aliniambia kwamba nilipata mzigo wa bandia. Inawezekana, lakini nikikumbuka nilivyofanya, hata ya asili isingepona. Nilifunga rezistansi mpya, nikajaza likidi, kile kimiminika kinachogeuka mvuke, nikaweka wati 60 na kubonyeza papo hapo. Ladha iliyonijia kooni ilikuwa ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

Aliyenifungua macho hakuwa mvutaji. Ni jirani yetu hapa Katuba, mzee anayebobina, yaani anayezungushia waya upya, mota za pampu na za vinu vya unga. Nilimpelekea ile iliyoungua, akaifungua kwa koleo, akanionyesha pamba nyeusi.

“Mwana, uliwahi kuwasha taa ya utambi?”

“Ndiyo, Papa.”

“Mafuta yakiisha, nini kinaungua?”

“Utambi wenyewe.”

“Basi.”

Tangu siku hiyo kila ninachofanya kinaanzia hapo. Waya unapopata moto, likidi inageuka mvuke na kuondoka na joto. Maadamu pamba imelowa, haiungui. Ikikauka hata kwa sekunde chache inakuwa mkaa, na pamba iliyokuwa mkaa hairudi kuwa pamba, hata uioshe vipi.

Kwa hiyo rezistansi mpya sasa naidondoshea likidi mwenyewe kabla ya kuifunga: matone machache katikati na tone moja kwenye kila tundu la pembeni, hadi pamba ionekane imelowa. Kisha najaza tangi na kuliacha wima dakika 10. Navuta mara tatu nne bila kubonyeza, ili likidi ivutwe ndani. Halafu naanzia chini. Kwenye mwili wa rezistansi huwa kumechapwa kiwango, mfano wati 40 hadi 60. Naanza na 40, napanda taratibu, na mara nyingi naishia 45. Kati ya mvuto na mvuto nasubiri kama nusu dakika, maana pamba inahitaji muda wa kunywa tena. Tangi siliachi lishuke chini ya robo, kwa sababu matundu yakibaki wazi pamba inanyonya hewa. Kwa haya tu, rezistansi iliyokuwa inakufa siku ya pili au ya tatu ilinifikisha wiki mbili.

Kilichobaki kikawa utamu. Nilipenda likidi tamu za embe na za keki, na hizo huwekwa sukralosi, kiongeza utamu kinachotumika badala ya sukari. Mvuke ukiondoka, utamu unabaki kwenye waya, unaganda mweusi kama masizi ya sufuria, na joto linashindwa kupita sawasawa. Nilipohamia kwenye mnanaa usio na utamu na usio na rangi, zile wiki mbili zikawa nne. Kama unataka kubadilisha kitu kimoja tu leo, badilisha hicho.

Kisha mwezi wa sita ukaingia. Anayeijua Lubumbashi anaijua baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba. Likidi yangu ilikuwa na gliserini asilimia 70, na gliserini ikipata baridi inakuwa nzito kama asali. Pamba ikawa hainywi tena kwa kasi, ladha ya pasi ikarudi, nami nilikuwa sijabadilisha kitu. Sasa msimu wa baridi natumia nusu gliserini na nusu propilini glikoli, ambayo ni nyepesi, na tangi nalishika kiganjani dakika chache kabla ya mvuto wa kwanza. Usilipashe motoni.

Kuosha zile za kununua nilijaribu pia: maji ya moto, kisha kukausha siku nzima. Unapata siku mbili tatu za ziada, na ladha haiwi ileile. Mimi niliacha.

Nafuu kubwa ilikuja niliponunua tangi ambalo koili yake unaizungusha mwenyewe. Wazo langu la kwanza lilikuwa shaba. Niko kwenye mji wa shaba, mkoa wetu wenyewe uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na kwa jirani yangu vipande vya waya wa shaba vimejaa sakafuni. Alinikataza kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia. Ukizungusha mara sita, shaba inapitisha umeme karibu bila kizuizi, ni sawa na kuunganisha ncha mbili za betri moja kwa moja. Tena waya wa mota umepakwa vanishi, ambayo ikiungua moshi wake ni sumu.

Unaotakiwa ni waya wa Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini. Kizuizi chake kinazidi cha shaba zaidi ya mara 80, na ukipata moto unajijengea ngozi nyembamba ya oksidi ya alumini inayoulinda. Nilinunua wa unene wa milimita 0.32, mita 10. Nazungusha mara sita kwenye kijiti cha milimita 2.5, nafunga, napima kizuizi: inatoka karibu omu 1, na wati 12 hadi 15 zinatosha. Koili moja inakula sentimita 8 au 9 pamoja na miguu, maana yake mita 10 zinatoa zaidi ya koili 100. Kupima ni lazima kila mara. Betri iliyojaa ina volti 4.2, gawanya kwa omu ulizopata, ndizo ampia zitakazotoka. Kwa omu 1 ni ampia 4.2, kwa omu 0.2 ni ampia 21, na betri nyingi haziwezi hizo. Anayeanza atumie mashine ya vepu inayojipimia yenyewe na kukataa koili yenye hitilafu.

Pamba naitoa duka la dawa, ile nyeupe isiyo na manukato, naichemsha na kuianika. Ipite ndani ya koili kwa kuvutana kidogo. Ukiijaza sana likidi haipiti, ukiipunguza sana tangi linavuja mfukoni. Hili vidole vyangu vilichukua kama wiki tatu kulijua. Ladha ikififia, natoa pamba, nauwasha waya mtupu kwa wati chache hadi uwe mwekundu hafifu, masizi yanaungua, nauacha upoe, nausugua kwa mswaki mkavu na kuweka pamba mpya. Kazi hiyo naifanyia uani, mbali na watoto, na chupa ya likidi inakaa juu, ndani ya kabati lililofungwa, kwa sababu nikotini ikinywewa na mtoto inaweza kumuua.

Koili iliyomo sasa niliifunga mwezi wa nane. Pamba nimeibadilisha mara tisa, waya ni uleule. Jirani yangu huniazima testa yake kila Jumamosi.