Kiuno kimezidi kuuma, mguu umetulia

Leo kliniki, dereva wa lori mwenye diski (mto laini kati ya pingili za mgongo) iliyotokeza kiunoni alitaka kuacha zoezi. Mguu umetulia, ila kiuno kimezidi kuuma.

Jamani, hiyo ni dalili njema! Maumivu yakitoka kigimbini yakarudi kiunoni, zoezi linafanya kazi.

Zoezi lenyewe: lala kifudifudi, viganja usawa wa mabega. Nyoosha mikono, kifua kipande, nyonga zibaki mkekani. Mara 10, kila baada ya saa 2 au 3.

Wengi hukaza makalio, kiuno kikagoma kupinda. Yalegeze kabisa.

Maumivu yakizidi kushuka mguuni, acha.
Ganzi kati ya paja na paja, au mkojo umekataa kutoka? Hospitali leo leo, usingoje kesho.

Wenye maumivu ya kiuno, yenu yanaishia wapi: takoni, gotini au vidoleni? Niandikieni hapa.