Nilivyojifunza kuchanganua data za usingizi na saa ya mwili

Nilipoingia kwenye utafiti wa usingizi, takwimu za darasani nilikuwa nazo: wastani, mkengeuko sanifu, regresheni, namna ya kulinganisha makundi mawili. Hazikunifikisha mbali. Midundo ya mwili hujirudia kila siku, kila kipimo kinakitegemea kilichokitangulia, na muda wenyewe ni duara. Ilibidi nijifunze upya, na njia iliyonivusha ni hii: kabla ya kuiamini mbinu yoyote, niliitengenezea data bandia ambazo jibu lake nalijua, kisha nikaona kama italipata.

Nilianza na aktigrafi, yaani kile kifaa kinachovaliwa mkononi kama saa na kurekodi mtikisiko wa mwili. Kikirekodi kila dakika, siku moja ina vipimo 1,440, na wiki mbili za mtu mmoja ni vipimo 20,160. Mwalimu aliyenisimamia hakutaka kuona jedwali. "Niletee picha kwanza," ndivyo alivyoniambia kila nilipomwendea na wastani. Picha yenyewe ni aktogramu: kila siku inachorwa kwenye mstari wake, inayofuata chini yake, na kila mstari unabeba saa 48 ili usiku usikatwe katikati. Kwa mtu mwenye ratiba tulivu, nyakati za usingizi zinajipanga wima, ukanda mweupe kutoka juu hadi chini. Kwa mtu ambaye saa yake ya mwili haifuati mwanga, jambo linalowapata baadhi ya watu wasioona kabisa, ukanda huo unateleza kulia siku baada ya siku. Mzunguko wa saa 24 na nusu humchelewesha mtu nusu saa kila siku. Aliyekuwa akilala saa tano usiku, baada ya wiki mbili anapata usingizi saa kumi na mbili asubuhi. Wastani wa saa za kulala wa mtu huyo hauna maana yoyote, na hilo aktogramu inakuonyesha kwa mtazamo mmoja.

Halafu kuna duara lenyewe. Mtu mmoja analala 23:00, mwingine 01:00. Kompyuta ikijumlisha 23 na 1 na kugawa kwa mbili inapata 12, adhuhuri. Kwa hesabu yetu ya saa, tano usiku na saba usiku, wastani ni sita usiku, na jibu liko sawa. Lakini tatizo halijaondoka, limehamia alfajiri: anayeamka saa kumi na moja na anayeamka saa moja wanakupa wastani wa sita, wakati jibu ni kumi na mbili. Popote utakapolikata duara, kuna watu watakaoangukia kwenye mkato. Dawa yake ni kugeuza kila saa kuwa pembe, nyuzi 15 kwa saa moja, kuchukua wastani wa kosaini na wa saini, kisha kurudi kwenye pembe. Mshale unaopatikana una urefu kati ya 0 na 1, na urefu huo unakwambia kama saa za kulala zimekusanyika au zimetawanyika. Hapo ndipo nilipoanza kuupenda uwanja huu kwa dhati.

Kutoka kwenye pembe niliingia kwenye kosina, mbinu iliyoenezwa na Franz Halberg, aliyeipa jina midundo ya takriban siku moja mwaka 1959. Unaulazimisha mkunjo wa kosaini wa saa 24 upite kwenye data, nao unakupa vitu vitatu: kiwango cha katikati, ukubwa wa kupanda na kushuka, na saa ya kilele. Nilitengeneza joto bandia la mwili: kiwango cha katikati nyuzi 36.8, kupanda na kushuka nyuzi 0.4, kilele saa kumi na moja jioni. Nikaongeza kelele, yaani mabadiliko ya kubahatisha, nikafuta vipimo vya hapa na pale. Kosina ikavumilia vizuri. Nilipofuta vipimo vyote vya usiku, ikashindwa kutenganisha kiwango cha katikati na ukubwa wa mdundo, na kadirio likatanuka mno. Nikajua kwa nini watafiti hukesha wakipima.

Shughuli za mwili hazifanani na kosaini. Zinafanana zaidi na sanduku: chini kabisa usiku, ghafla juu asubuhi, zikabaki juu hadi usiku. Kwa hiyo nilihitaji vipimo visivyodai umbo lolote: muda wa saa tano ulio tulivu zaidi, muda wa saa kumi wenye pilika zaidi, kiasi siku zinavyofanana (0 hadi 1), na kiasi shughuli zinavyokatikakatika ndani ya siku, ambacho hukaribia 0 kwa mkunjo laini na kuzunguka 2 kwa kelele tupu. Hapa mtu achunge sana sifuri. Kifaa kilichovuliwa na kuwekwa mezani huandika sifuri sawa na za mtu aliyelala fofofo. Shajara ya mvaaji, au kihisi joto kama kifaa kinacho, ndiyo inayowatofautisha.

Mawimbi ya ubongo yalinichukua muda zaidi. Usiku hugawanywa vipande vya sekunde 30; usiku wenye urefu wa saa nane ni vipande 960, na kwa kasi ya vipimo 256 kwa sekunde, kila kipande kina namba 7,680 kwa elektrodi moja. Nilitumia rekodi za wazi za Sleep-EDF zilizoko PhysioNet, nikaficha hatua za usingizi zilizowekwa na wataalamu, nikazipanga mwenyewe kwa macho. Baadaye tu ndipo nilipogusa Python, lugha ya kuandikia programu. Mbinu ya Welch, inayopima nguvu ya mawimbi ya kila kasi, inataka uchague dirisha, yaani urefu wa kipande cha kuchanganua: la sekunde 4 linakupa hatua za hezi 0.25 (hezi ni mzunguko mmoja kwa sekunde), na linabeba mizunguko miwili tu ya wimbi la hezi 0.5. Nilichanganya wimbi bandia la hezi 0.75 na milipuko ya nusu sekunde ya hezi 13, kama ile inayoonekana katika hatua ya pili ya usingizi. Kwenye wastani wa sekunde 30, milipuko ilikaribia kupotea. Ukitaka kuihesabu, chuja hezi 11 hadi 16 kisha ufuatilie nguvu yake kwa muda.

Kuhusu usahihi wa programu zinazopanga hatua za usingizi zenyewe, nimekuwa mkali. Hatua ya pili huchukua karibu nusu ya usiku wa mtu mzima, hivyo programu inayojibu "hatua ya pili" kila mara itapatia karibu nusu bila kujua chochote. Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya bahati, huipa sifuri, na inastahili. Vivyo hivyo kwa aktigrafi: inatambua usingizi vizuri, lakini mtu aliyelala macho bila kujigeuza huhesabiwa amelala.

Usiku 14 wa watu 20 ni mistari 280, si watu 280. Modeli mseto, zinazotambua kwamba usiku kadhaa ni wa mtu mmoja, ndizo zinazoliheshimu hilo, na nilizijifunza katika programu ya takwimu iitwayo R bila taabu kubwa.

Sasa niko kwenye vipimo vya mabaki ya melatonini, homoni ambayo mwili hutoa usiku, kwenye mkojo, ambavyo haviji kwa vipindi sawa. Natumia Lomb-Scargle, mbinu ya kutafuta urefu wa mzunguko iliyokuzwa na wanaastronomia kwa ajili ya data zenye mapengo. Katika data bandia nimeficha mzunguko wa saa 24.2, karibu na wastani wa saa 24 na dakika 11 ambao timu ya Charles Czeisler, mtafiti wa saa ya mwili, iliuripoti mwaka 1999. Kwa siku chache za vipimo, kilele kwenye grafu ya mbinu hiyo ni kipana mno, 24.0 na 24.2 hazitengani. Nikizitawanya siku hizo kwenye wiki kadhaa, zinatengana.