Waya wa meno unapouma: siku saba za mwanzo

Wanaofungwa waya wa meno kwa mara ya kwanza hupata maumivu ya aina mbili kwa pamoja, ya meno yanayosukumwa na ya michubuko ya mdomoni, na wengi huteseka zaidi kwa kutumia dawa ya moja kutibu nyingine. Nta ya meno, ile inayobandikwa juu ya chuma, haitulizi jino linalosukumwa. Kidonge nacho hakizuii chuma kukwaruza shavu.

Tuanze na meno yenyewe. Waya unaposukuma jino, nyuzi laini zinazolishikilia kwenye mfupa hubanwa upande mmoja, damu hupungua hapo, na mwili hujibu kwa kutoa kemikali za uvimbe, prostaglandini zikiwemo. Uvimbe huo ndio unaofungua njia kwenye mfupa ili jino lisogee. Maumivu huanza saa chache baada ya kufungwa, hufikia kilele baada ya siku moja hivi, hupungua kuanzia siku ya tatu, na kwa wengi huisha ndani ya wiki. Usiku wa kwanza na siku ya pili ndizo za kujiandalia.

Kwa hiyo usingoje meno yaanze kupwita. Meza dozi ya kwanza mara tu kazi inapokwisha. Mtu mzima mwenye afya na uzito unaozidi kilo 50 anaweza kutumia parasetamo za miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Hesabu pia parasetamo iliyomo kwenye dawa za mafua. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, si kwa kukisia nusu kidonge, na asipewe aspirini. Ibuprofeni nayo hutuliza vizuri, lakini inazuia prostaglandini zilezile zinazosaidia jino kusogea. Siku moja au mbili si tatizo; kuimeza wiki nzima bila kumwuliza daktari sikushauri. Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au ujauzito waiache hadi wapate ushauri. Na kidonge kisiwekwe juu ya fizi kamwe: aspirini huunguza nyama ya mdomo.

Maji baridi husaidia kuliko watu wanavyodhani. Waya mwingi wa mwanzo ni wa nikeli na titani, na aina zinazoitikia joto la mwili hulegea kidogo zikipoa, hivyo msukumo hupungua kwa muda. Kunywa taratibu, ila barafu usiitafune, itang'oa vibanio, yaani vipande vidogo vilivyogandishwa kwenye meno kushikilia waya. Kula vyakula visivyohitaji kuumwa kwa meno ya mbele: supu, mayai, viazi vilivyopondwa. Endelea kupiga mswaki, kwa brashi laini. Ukiacha kwa sababu fizi zinauma, uchafu utazivimbisha na utashindwa kujua kinachouma ni nini.

Sasa michubuko. Nta hubanduka hasa kwa sababu imebandikwa juu ya mate. Nawa mikono, piga mswaki, kausha kibanio kwa kitambaa safi au pamba, kisha finyanga kipande cha ukubwa wa punje ya njegere mpaka kilainike. Kibandike na ukibonyeze kiingie kingo zote. Kitoe kabla ya kula, weka kipya baadaye. Ukikimeza kwa bahati mbaya, hakina madhara. Kidonda kilichokwisha kutokea kisukutulie maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja, kwa sekunde 30, mara 3 au 4 kwa siku, kisha uteme.

Ncha ya waya ikichoma shavu nyuma, isukume taratibu kwa kijiti cha pamba ilale kwenye jino, uifunike kwa nta, halafu mpigie daktari aikate. Mpigie pia ikiwa jino moja linauma kuliko mengine yote, maumivu yanaongezeka baada ya siku ya tatu, au kibanio kimelegea. Uso ukivimba, ukipata homa au usaha, nenda siku hiyohiyo.