Omba zamu ya usiku

Usajili wa watu wa kujitolea kwenye mashindano ya triathloni ndefu ukifunguliwa huwa naulizwa swali lilelile: nichague kazi gani? Wengi wanautaka mstari wa kumalizia, wavishe watu medali. Wengine wanapenda alfajiri, kule majini, kwa sababu ya picha. Jibu langu ni moja: omba meza ya maji kwenye sehemu ya kukimbia, na uombe zamu ya usiku.

Hebu tazama hesabu yake. Triathloni ndefu ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli, halafu marathoni nzima ya kilomita 42.2, mfululizo, siku moja. Mashindano mengi hutoa saa 17. Mabingwa wa kiume humaliza kwa takriban saa nane, jua likiwa bado linawaka na mashabiki wamejaa kando ya njia. Lakini aliyeingia majini saa moja asubuhi, akarudisha baiskeli dakika za mwisho kabisa, kama saa kumi na moja na nusu jioni, ndiyo kwanza anavaa viatu vya kukimbia. Marathoni yote bado inamsubiri. Giza linaingia, watu wanaondoka, na mwili umekuwa kazini tangu asubuhi. Huyo ndiye ninayemwendea.

Kanuni zinakataza msaada wa kutoka nje. Mume anaweza kumshangilia mkewe mpaka sauti imkauke, ila akimpa chupa ya maji, mke huweza kuadhibiwa au hata kuondolewa mashindanoni. Maji halali ni yale ya mezani kwetu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1978, Hawaii, yalipofanyika mashindano ya kwanza ya aina hii, walianza watu 15 wakamaliza 12, na kila mmoja alikuja na wasaidizi wake. John Dunbar alikuwa mbele walipoanza kukimbia. Wasaidizi wake wakaishiwa maji, wakampa bia. Gordon Haller akampita na kushinda kwa saa 11 na dakika 46. Nikiona mtu anazipanga chupa kwa uvivu, humkumbusha habari hiyo.

Basi kuna namna ya kuifanya kazi hii. Kikombe hujazwa nusu tu, kikijaa kinamwagika chote kifuani. Unakishika juu, kwenye ukingo, kwa ncha za vidole, ili mkimbiaji akikamate katikati. Unanyoosha mkono, unamtazama machoni, unataja neno moja: "Maji!" Mwenzako baada yako anataja "Kola!", anayefuata "Barafu!" Anayetaka atakuonyesha kwa kidole, nawe unatembea hatua mbili upande anakoelekea ili mikono yenu isigongane. Maji yawe mwanzo wa meza na yawe tena mwisho, maana aliyemeza jeli, ule uji mzito wa sukari wa kutia nguvu, katikati anahitaji ya kuisukumia. Usiku ukipoa, supu nyepesi ya chumvi ndiyo inayoulizwa kuliko vyote. Tumbo lililobugia vitu vitamu mchana kutwa linaikataa sukari.

Maneno nayo yana uzito. Usimwambie mtu wa kilomita ya 20 kwamba amekaribia kufika. Anajua hajakaribia, na anaacha kukuamini. Mwambie jambo la kweli na dogo: "Meza ijayo ni kilomita mbili, dada, baada ya kona hakuna mlima." Jina likiwa limeandikwa kwenye namba ya kifuani, mwite kwa jina. Nimeona watu wakinyoosha mgongo kwa kuitwa tu.

Usiku mmoja alikuja mama wa makamo akitembea, akanywa kikombe cha maji, akaomba kingine, kisha kingine. Supu hakuitaka, alisema ana kichefuchefu. Nikampa mkono ili asiyumbe na ndipo nikaona: mkanda wa saa ulikuwa umezama kwenye ngozi, pete imekaza, vidole vimevimba. Macho yanaangalia mahali pengine. Mtu asiyejua angemwongezea maji. Tulifundishwa kwamba anayekunywa maji kupita kiasi kwa saa nyingi huishusha sodiamu, yaani chumvi, kwenye damu, na kichwa kinachouma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa vinaweza kuwa dalili zake. Ni hatari ya kweli, watu wamekufa. Sikumpa dawa wala ushauri, hiyo si kazi yetu. Nilimketisha, nikamwita mganga kwa redio, nikakaa naye. Alilia alipoambiwa safari yake inaishia hapo. Aliniuliza, "Mwanangu, zilikuwa zimebaki ngapi?" Nikamwambia ukweli: kilomita tisa. Akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono mpaka gari lilipofika. Namuwaza mara nyingi kuliko wote niliowaona wakimaliza.

Kuna jambo linaloniuma. Nimewahi kuona meza ikikunjwa mapema kwa sababu zamu imechoka na njia inaonekana tupu, huku watu watatu wakiwa bado nyuma gizani. Walifika wakakuta lami yenye vikombe vilivyokanyagwa. Hao walilipa ada ileile na kuogelea maji yaleyale aliyoogelea mshindi, tena wamekaa juani muda mrefu kumzidi. Sioni namna ya kulitetea hilo.

Kwa hiyo ukija, njoo umejiandaa. Lala mchana. Vaa viatu ulivyovizoea, soksi za akiba ziwe mfukoni, kwa kuwa utalowa miguu ndani ya saa ya kwanza. Taa ya kichwani ielekeze chini, usimpofue mtu aliyechoka. Chukua glavu, barafu inakata vidole. Kula kabla ya zamu. Mjue kwa sura aliye na redio, na ujue namba ya meza yenu, maana mganga atauliza hiyo kwanza. Na meza isiguswe mpaka msimamizi athibitishe kwa redio kwamba wa mwisho kabisa ameshapita.