Mwembe uliobebeshwa: miaka mitatu ya kwanza

Mwembe wa aina ya Apple au Kent uliobebeshwa, yaani kitawi cha aina hiyo kimeungwa juu ya shina la mwembe mwingine, unaweza kutoa maua ukiwa bado kimo cha mtoto wa chekechea. Yaondoe yote, miaka miwili ya mwanzo, hata kama roho inauma. Mti ukibeba maembe mapema, nguvu ya kujenga matawi huishia kwenye tunda.

Kwanza kagua kiungo, pale kitawi na shina vilipounganishwa. Nailoni iliyofungwa wakati wa kubebesha ikisahaulika, shina likinenepa hukabwa na mti hudumaa. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yang'oe kwa kidole yangali machanga. Hayo ni ya shina la chini, na yakiachwa yatalizidi tawi la juu, kisha utavuna embe usilolipanda.

Mche ukifika karibu mita 1, ukate sentimita 70 hivi kutoka ardhini, kwa mkasi mkali. Mahali pa kukata ndipo wengi hukosea. Tazama pale majani yalipojazana kama pete: kata chini kidogo ya pete hiyo. Ukikata juu yake, machipukizi mengi huota sehemu moja, na matawi yake hupasuka yakilemewa. Bakiza matawi matatu au manne, yaliyoachana na kuelekea pande tofauti. Kila tawi likifika sentimita 50, likate ncha.

Matandazo ya nyasi kavu yakae mbali na shina, sentimita 15 angalau, maana unyevu huozesha gome. Penye mchwa, kagua kila wiki.