Jino la nailoni

Mashine yetu ya kukandia unga ilisimama katikati ya kazi. Mota inanguruma, mkono wa kukandia umetulia tuli. Nikafungua skrubu, nikakilaza kichwa chake juu ya gazeti na kuipangusa grisi ambayo umri umeigeuza rangi ya chai. Huko chini nikamkuta mgonjwa: gia moja ya nailoni, upana wa vidole vitatu, meno yake manne yamefagiliwa mfululizo kama kinywa cha mtoto wa miaka sita. Gia nyingine zote mle ndani zilikuwa za chuma. Hiyo peke yake ndiyo ya plastiki.

Niliwatukana waliotengeneza ile mashine. Niliamini kabisa kwamba wamebana matumizi ili nirudi dukani kununua nyingine. Basi nikaichukua ile gia hadi kwa fundi wa kukereza chuma, nikamwomba anichongee kama hiyo hiyo kwa shaba. Aliigeuzageuza mkononi, akaniuliza, "Una uhakika unataka ya shaba?" Nikamjibu kwamba plastiki imenichosha. Hakubishana nami. Siku hizi nalikumbuka lile swali lake kuliko kazi yenyewe.

Miezi minane ilikwenda vizuri, ila kelele. Nailoni huzunguka kimyakimya. Shaba juu ya chuma inalia. Kisha siku moja nikatia unga mwingi na maji machache, mkono ukakwama, nami nikasimama pale nikingoja ujikwamue. Haukujikwamua. Gia ya shaba ilishika, parafujo inayoizungusha ikashika, na kwa kuwa nguvu ilikuwa bado inamiminika kutoka kwenye waya, ikatafuta pa kutokea. Ikatokea kwenye mota. Harufu ya koili iliyoungua haitoki jikoni kwa siku mbili. Nilipofungua tena, gia yangu ilikuwa inang'aa, haina hata mkwaruzo.

Sikuwa wa kwanza kulipia somo hilo, na wajenzi wa vinu vya kale walilijua zamani sana. Katika vinu vingi vya maji na vya upepo kule Ulaya, gurudumu kubwa la chuma lilitobolewa matundu ukingoni, na kila tundu likapachikwa jino la mti mgumu. Mtufaha ni mmojawapo. Jino la mti lilikutana na gurudumu dogo la chuma, wala si mti mwenzake. Faida zake ni tatu: kelele hupungua, cheche hazirukirukii vumbi la unga, na jiwe likikwama kinachovunjika ni kipande cha mti. Msagaji hugonga kisiki cha jino kikatoka, akapigilia jino jipya, akaendelea na kazi. Gurudumu lenyewe halitupwi.

Watu hao hao walikuwa na ujanja mwingine ninaoupenda zaidi. Tuseme gurudumu kubwa lina meno 60 na dogo lina 20. Kila jino la dogo litakutana na meno matatu yale yale ya kubwa, milele. Likiwa na kasoro, litawatafuna hao watatu mpaka liwamalize. Sasa ongeza jino moja tu kwenye lile kubwa, liwe na 61. Kuanzia hapo kila jino la dogo humpitia kila jino la kubwa kabla ya kurudia mwenzi wake wa kwanza. Mikutano 1,220, yaani gurudumu dogo lizunguke mara 61. Kasoro ya mmoja inagawanywa kwa wote, na meno yanalika kwa usawa.

Nilipolisoma hilo nilikwenda kutoa keke ya mkono niliyorithi, ile ya kutobolea mbao, nikaanza kuhesabu. Nilipata 75, kisha 77, kisha 76. (Ushauri: tia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, usiutegemee ukucha wako.) Gurudumu kubwa lina 76 na dogo lina 17. Hazigawanyiki kwa namba yoyote ya pamoja isipokuwa moja. Nilicheka peke yangu stoo.

Bila shaka kuna mashine ambazo hazikuruhusu kuchezea hesabu. Chombo cha kale cha shaba cha kutabiria kupatwa kwa jua na mwezi, kilichoopolewa baharini karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, mwaka 1901, kina gurudumu ambalo watafiti wamelihesabia meno 223, kwa sababu kupatwa kwa jua na mwezi hurudia mpangilio wake kila baada ya miezi 223 ya mwandamo. Ongeza jino pale na utabiri wote unaharibika.

Lakini aliyenimaliza kabisa ni mdudu. Mwaka 2013 Malcolm Burrows na Gregory Sutton, waliofanya utafiti wao Chuo Kikuu cha Cambridge, walieleza kuhusu tunutu wa mdudu mdogo arukaye, Issus, ambaye juu ya miguu yake ya nyuma ana safu za meno, 10 hadi 12 kila upande, zinazoumana kama gia. Kazi yake ni kuifanya miguu yote miwili ifyatuke pamoja. Mmoja ukichelewa kidogo tu, mruko unageuka kuwa mzunguko. Akishapevuka, meno hayo hayapo tena. Maelezo mojawapo ya watafiti hao ni kwamba tunutu akivunjika jino atapata jipya atakapojivua ngozi, lakini mdudu mzima hajivui tena, na gia yenye pengo ingemharibia kila mruko wa maisha yake.

Mota mpya ilinigharimu kuliko gia kumi. Nimerudisha nailoni, na nyingine ya akiba ipo kwenye droo ya vijiko, ndani ya mfuko wake. Ile ya shaba inakandamiza karatasi mezani kwangu. Juzi nilimpelekea yule fundi salamu, nikamwambia kilichotokea. Akasema, "Mm."