Nilivyoitoa vepu yangu ofisini

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, nami nakimbizana na makaratasi ya makontena mawili ya mchele ambayo siku zake za kukaa bila malipo pale bandari ya Kilindini zilikuwa zinakwisha jioni ile. Nikavuta vepu, yaani sigara yangu ya kielektroniki, nikapuliza chini ya meza kama nilivyozoea, nikaendelea kuandika. Dada wa hesabu, ambaye meza yake yatazamana na yangu, akainuka, akachukua mkoba wake akatoka. Sikumtilia maanani. Aliporudi, mkononi alikuwa amekamata kile kipampu cha buluu cha wenye pumu. Akanikaribia, akasema kwa sauti ya chini ili wenzetu wasisikie: "Kaka, niwie radhi. Huo mvuke wako wanibana kifua. Nimevumilia tangu Januari."

Tulikuwa Septemba.

Hilo la Januari ndilo lililonichoma. Mimi ni mkubwa wake kwa umri, na ofisini mimi ndiye ninayetia sahihi ruhusa zake. Miezi minane alikuwa akisogeza kiti, akifungua dirisha nami nikilifunga kwa sababu ya kiyoyozi, akitoka nje "kupokea simu". Kote huko nilijua yote hayo kwa macho na sikuyaelewa. Wageni wakiniuliza kama naruhusiwa kuvuta ndani, nilikuwa nawajibu kwamba hakuna aliyewahi kulalamika. Mtu anayengoja umpitishie likizo yake atalalamika vipi?

Niseme nilikotoka, kwa sababu sikuanza vepu kwa anasa. Nilivuta sigara miaka 14. Katika jengo letu sigara ilikuwa marufuku tangu siku ya kwanza nilipoajiriwa, kwa hiyo mara nane kwa siku nilikuwa nashuka ngazi kutoka ghorofa ya pili hadi uchochoro wa nyuma, penye jenereta, na kurudi nikinuka hadi kwenye kola ya shati. Mwaka wa 2021 mwenzangu wa bandarini akanipa vepu yake nijaribu. Ladha ya embe, bila jivu, bila kiberiti. Wiki ya tatu nilikuwa nimeachana na sigara kabisa, na kikohozi cha alfajiri kikapungua hata mke wangu akasema. Sitakana jambo hilo. Sumu nyingi za sigara, lami na kaboni monoksidi zikiwamo, hutoka kwa tumbaku inayoungua, na ndani ya vepu hakuna kinachoungua. Ndiyo sababu huko Uingereza huduma ya afya ya taifa huwaambia watu wazima wanaovuta sigara kwamba vepu yaweza kuwasaidia kuiacha. Hata mfamasia wa China aliyeibuni mwaka wa 2003, Hon Lik, alikuwa mvutaji aliyekuwa akijitafutia njia ya kutoka.

Lakini hesabu hiyo ni ya mvutaji. Dada aliyekaa mbele yangu hakuwa na sigara ya kuacha. Kwake ule mvuke haukupunguza kitu, ulimwongezea. Nami nilikuwa nikiuita "maji tu", jambo ambalo si kweli: ni propilini glaikoli na gliserini iliyopashwa moto, pamoja na nikotini na vionjo, vikitoka kifuani mwangu vikiwa chembe ndogo ndogo na kuingia katika kifua cha mwingine. Kwa mwenye pumu hiyo yatosha kumkaba.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichukua muda kuling'amua. Sigara ina mwisho. Ukiiwasha, dakika tano baadaye umebaki na kishungi, unakikanyaga, unarudi kazini, na jioni ukitaka kujua umevuta ngapi unahesabu zilizobaki kwenye pakiti. Vepu haina kishungi. Iko mezani kando ya kikombe cha chai, mkono unaenda wenyewe. Nilikuwa nafungua barua pepe nikivuta, nasubiri mtandao wa forodha ukwamuke nikivuta, naongea na dereva aliyekwama Mariakani nikivuta. Ile niliyoanza nayo iliandikwa asilimia 5 ubavuni, nami nikaona tano ni namba ndogo. Kumbe ni takribani miligramu 50 za nikotini katika kila mililita ya juisi, wakati nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu kupita 20. Nilikuwa nimeacha sigara nane za ofisini na kuingia katika uvutaji usio na saa wala mlango.

Na kwa kuwa hainuki tumbaku, nilikuwa nikienda nayo kila mahali. Naishi Likoni, kwa hiyo asubuhi na jioni navuka feri. Nilikuwa navuta nikiwa katikati ya ule umati, nimebanwa na watu pande zote, kisa mkono umeinua kitu kidogo kama kalamu. Ndani ya matatu vilevile. Jioni moja nimekaa kiti cha nyuma, pembeni yangu mama na bintiye wa miaka kama minne, nikapuliza kuelekea dirishani. Mtoto akanusa, akamwuliza mamake, "Mama, nami nataka hiyo." Alidhani ni peremende. Yule mama hakuniambia neno. Alimpakata mwanawe akamgeuzia uso upande wa pili, akamfunika pua kwa ncha ya leso, na tukaenda hivyo mpaka waliposhuka. Nina binti wa umri ule ule. Usiku huo nilitazama mahali ninapoiweka vepu nyumbani, juu ya friji, nikaihamisha. Lakini kesho yake kwenye matatu nilivuta tena.

Nilikuwa na utetezi wangu wa kisheria pia. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ni ya mwaka wa 2007, na inakataza kuvuta sigara maofisini, kwenye magari ya abiria, hospitalini na mahali pengine pa umma. Anayeivunja aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili. Ilipoandikwa, vepu zilikuwa ngeni huku kwetu, na lugha yake ni ya tumbaku na moshi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma vifungu vya forodha kutwa, nilikuwa nimejipatia upenyo hapo na kuutumia. Aliyetunga sheria ile alikuwa anakilinda kifua cha jirani. Hilo sikuhitaji wakili kulielewa, nilihitaji kukiona kile kipampu cha buluu.

Jumanne ile nilimwomba dada msamaha palepale, na mchana nikamwambia mbele ya wenzetu wote, kwa sababu makosa niliyafanya mbele yao. Nikajiwekea sharti moja: pasipoweza kuwashwa sigara, vepu haitoki mfukoni. Siku ya kwanza nilimudu. Siku ya tatu, saa tisa, nilijifungia chooni nikavuta mara nne za haraka. Nilipofungua mlango, mama anayetufanyia usafi amesimama na ndoo yake. Akaniambia kwa upole, "Baba, nami nashinda humu ndani." Akaingia kusugua, na harufu ya embe bado imejaa.

Pale nikajua kwamba mfukoni si mahali salama. Nikateremka kwa mlinzi wa getini, mzee wa Kinango ambaye tumesalimiana miaka, nikamwomba anishikie ile vepu kila asubuhi nikifika. Hakuniuliza mengi. Ana droo anamotia funguo za magari ya wateja. Akanionyesha kona yake. Tangu hapo nikitaka kuvuta ni lazima nishuke ngazi 46, nimwambie mzee wa watu "Shikamoo, nipe ile", niende uchochoroni, nirudi, niikabidhi tena, nipande. Mara nyingi nikifikiria safari yote hiyo nilikuwa nakaa. Ile haja yenyewe haidumu, dakika chache imepita, mradi kitu hakiko karibu na mkono. Nilitafuna iliki, nikanywa maji, nikaenda dirishani. Na dirisha safari hii nililiacha wazi.

Kilichonipa moyo zaidi ya vyote ni kukumbuka Ramadhani. Kila mwaka nafunga, tangu adhana ya alfajiri mpaka magharibi, zaidi ya saa 13, na mwezi mzima nafanya kazi ile ile kwenye meza ile ile bila nikotini hata chembe. Kichwa huuma siku tatu nne za mwanzo, kisha mwili unanyamaza. Basi ile kauli yangu kwamba siwezi kuandika hati bila kuvuta ilikuwa ya uongo, na nilikuwa naithibitisha uongo wake kila mwaka kwa siku 29 au 30. Niliona haya kwamba sikuwahi kuyaweka mambo haya mawili pamoja.

Novemba nikatumwa Malaba, mpakani na Uganda, kufuatilia mizigo ya Kampala. Uganda, kwa sheria yao ya 2015, wamepiga marufuku kabisa kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki, shisha nayo ikiwamo humo humo. Kazi yangu ilikuwa ya kuvuka kwenda upande wa pili na kurudi, kwa hiyo vepu niliiacha Likoni. Siku ya pili arosto ilinishika barabara: jasho la mikono, usingizi hauji, hasira ziko puani. Nikamfokea dereva wetu kwa karatasi ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyeisahau. Jioni nilimfuata kwenye lori nikamwomba radhi, nikamweleza kinachonisumbua. Akanikaribisha chai ya maziwa aliyoipika kwenye jiko lake la kando ya gurudumu, tukazungumza mpaka saa tano. Siku ya tatu ilikuwa nyepesi.

Niliporudi Mombasa nikaitupa ile ya asilimia 5 na kununua ya kujaza mwenyewe, ili niweze kupunguza nguvu ya juisi. Nikaanza na miligramu 20, wiki kadhaa nikashuka 12. Nilijaribu kuruka hadi 3 moja kwa moja nikashindwa, nikawa navuta mara tatu zaidi kufidia, usifanye hivyo. Ramadhani iliyofuata nikashuka 6. Hatari ya Ramadhani ni baada ya futari, maana mwili hutaka kulipwa deni la kutwa nzima. Nami mahali penye mtihani kuliko pote ni pale kwa muuza kahawa, Mwembe Tayari: vikombe vinagonganishwa, kashata iko mkononi, na kila aliyekaa benchini ana sigara. Mwezi ule sikwenda kabisa. Nilinywea kahawa nyumbani.

Ofisini hatukuishia kwa hisani yangu. Niliandika ibara moja, mkurugenzi akaisoma akaiongeza kwenye kanuni za wafanyakazi: mvuke ni kama moshi, kwa mfanyakazi na kwa mgeni, ngazini na chooni pia. Tukabandika tangazo mapokezi kwa Kiswahili. Nilisisitiza lile la mgeni, kwa sababu najua tulivyo. Mteja mkubwa akivuta mbele ya karani, karani atanyamaza kama alivyonyamaza dada. Sasa ana karatasi ya kuonyesha kwa kidole, hahitaji kubishana na mtu. Wapo mawakala wenzangu walioniona nimezidisha. Mmoja aliniambia vepu haijamwua mtu ofisini kwetu. Nikamwambia akae kiti cha mbele ya changu kwa miezi minane.

Bado sijaacha kabisa. Niko kwenye miligramu 3, mara tatu au nne kwa siku, zote uchochoroni, na Jumapili nikiwa na wanangu hakuna. Kwenye feri na kwenye matatu sijaitoa tangu Septemba ile.

Alhamisi iliyopita tulifunga mapema. Nikaagana na mzee wa getini, nikapanda matatu, nikaingia feri. Tulikuwa tushafika katikati ya maji nilipopapasa mfuko na kukuta mtupu, nikakumbuka kwamba vepu nimeiacha kwenye droo pamoja na funguo za wateja. Feri ikatia nanga Likoni, mlango ukashushwa, watu wakaanza kumiminika. Nilisimama kidogo pembeni nikiwapisha, nikiangalia kule ng'ambo. Kisha nikapanda mlima na wenzangu kwenda nyumbani.